Kwa binamu yangu anayeona wadi ni ndogo

Binamu,

Juzi kwenye matanga ya shangazi ulisema, mfupa wa mbuzi mkononi, kwamba wewe hugombei uwakilishi wadi katika bunge la kaunti, hiyo ni kazi ya vijana wa steji. Ukiingia siasa utaanzia Bunge la taifa, Nairobi. Kisha ukamtaja Obama, kama afanyavyo kila mtu wa kwetu akitafuta baraka. Sikutaka kukujibu mbele ya wazee, ndiyo maana nakuandikia.

Huyo Obama wako alikaa bunge la jimbo karibu miaka 8, tangu Januari 1997 hadi Novemba 2004. Seneti ya Illinois, mjini Springfield, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwake Chicago. Na kiti chenyewe hakukipata kimalaika. Mama aliyekuwa nacho, Alice Palmer, alitaka kwenda Bunge la taifa Washington, akashindwa, akarudi kukidai. Obama akakataa kumpisha. Watu wake wakazipitia sahihi za wadhamini wa wapinzani moja moja, zenye kasoro zikatupwa, hadi kwenye mchujo wa chama wa 1996 hakubaki wa kushindana naye. Sheria iliruhusu. Mimi bado inanikwaruza.

Miaka 6 ya kwanza Warepublican, wapinzani wa chama chake cha Democratic, ndio walioshika Seneti ile, na miswada ya walio wachache ilikuwa ikifia kamatini. Hata hivyo 1998 alisaidia kupitisha sheria ya kubana zawadi za washawishi, wale wanaolipwa kuwavuta wanasiasa upande wao, na kuwazuia wanasiasa kutumia pesa za kampeni kwa mambo yao ya nyumbani. Jioni alicheza poka na wenzake, wa upande ule wakiwemo, kwa pesa kidogo.

Halafu akafanya haraka kama unavyotaka wewe. Mwaka 2000 alimvaa Bobby Rush, mbunge wa Chicago katika Bunge la Washington, akapigwa kura mbili kwa moja. Wakati wa kampeni alikuwa Hawaii na mtoto mgonjwa, kura muhimu ya kudhibiti bunduki ikampita, akasutwa magazetini. Mwaka huohuo alienda mkutano mkuu wa chama Los Angeles, kadi yake ya malipo ikakataliwa alipotaka kukodi gari. Akarudi Springfield.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 2003 chama chake kilishika Seneti, na Emil Jones, rais wa Seneti, akamkabidhi mambo mazito. Illinois ilikuwa na aibu yake: tangu 1977 ilikuwa imewaua kwa sindano watu 12, huku 13 waliohukumiwa kifo wakigundulika hawakustahili kuwa pale. Wengine "walikiri" wakiwa mikononi mwa polisi. Obama akaleta mswada wa kurekodi mahojiano yote ya washukiwa wa mauaji. Polisi wakapinga, waendesha mashtaka wakapinga, gavana mpya naye hakuutaka. Akakaa nao, kikao baada ya kikao, akiwaeleza kwamba rekodi humlinda pia askari mwaminifu anayesingiziwa kipigo. Seneti ikaupitisha bila kura hata moja ya kupinga, na gavana akatia sahihi. Hiyo kazi ilifanyiwa kwenye vyumba vya kamati, binamu. Hakuna aliyepiga vigelegele.

(Najua utaniletea zile kura zake karibu 130 za "nipo", si ndiyo wala si hapana. Ni kweli. Nyingine zilikuwa mbinu, nyingine nadhani ni woga tu.)

Na usiku ule wa 27 Julai 2004 Boston, alipohutubia mkutano mkuu wa chama hadi dunia ikauliza huyu ni nani, alikuwa bado seneta wa jimbo.

Lile daraja la kwenda zahanati unalolilalamikia kila Krismasi liko chini ya kaunti, mbunge wa Nairobi halimhusu. Jumamosi ninakuja. Mvua ikiwa imenyesha, nitavua viatu pale mtoni kama kawaida, na wewe uje unipokee ng'ambo.

Binamu yako