Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wanachama wote, salamu nyingi.

Nianze kwa kujirudi. Katika mkutano wa Desemba 2020 dada yetu mmoja aliinua mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa hauinuki, akauliza kama chama kinaweza kumsaidia kupata wakili. Nikamjibu mbele yenu kwamba kesi na serikali ya Marekani ni za wenye fedha. Nilisema nisichokijua. Mwaka huu kesi yake imekwisha, wakili amelipwa, na yeye hajatoa hata senti ya ujira.

Wengi wetu hapa Columbus tunahudumia wazee, na kila vuli tunapanga foleni kazini kuchomwa chanjo ya mafua. Chanjo yenyewe haikuwa na neno, na mimi nachanjwa kila mwaka. Sindano aliyochomwa dada yetu ndiyo iliyoingia juu mno, kwenye kiungo cha bega. Kesho yake alishindwa kujifunga kilemba, na hadi Pasaka bintiye ndiye aliyekuwa akimfunga. Jeraha la namna hiyo limo kwenye orodha rasmi ya madhara ya chanjo tangu 2017, mradi maumivu yaanze ndani ya saa 48 na athari zidumu zaidi ya miezi 6.

Ofisi ya kwanza aliyokwenda ilimpa karatasi ya kusaini: theluthi ya fidia iende kwa wakili. Akaniletea Jumapili baada ya ibada. Kwa mara ya kwanza nikajipa taabu ya kusoma sheria, ile iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1986, inayoweka mpango wa serikali wa kuwafidia waliodhurika kwa chanjo. Inasema wazi kwamba wakili wa kesi za chanjo haruhusiwi kutoza ujira wowote zaidi ya ule anaopangiwa na mahakama. Hachukui theluthi wala robo, na fidia ya mgonjwa haiguswi. Malipo yake yanatoka kwenye mfuko ule ule unaolipa fidia, lakini kwa hundi yake. Mfuko huo unajazwa na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi moja: mafua senti 75, surua, matumbwitumbwi na rubela kwa pamoja dola 2.25. Ile karatasi haikusainiwa.

Kuna jambo lililonishangaza zaidi. Ukishinda, ujira na gharama za wakili lazima zilipwe. Ukishindwa, hakimu maalumu anayesikiliza kesi hizi bado anaweza kuamuru zilipwe, kama shauri lililetwa kwa nia njema na lilikuwa na msingi wa maana. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Dkt. Melissa Cloer, ilisema hata aliyechelewa kufungua shauri hazuiwi kuombewa ujira huo, mradi masharti hayo mawili yatimie.

Ila nia njema peke yake haitoshi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilimnyima ujira wakili aliyewasilisha shauri mbio mbio kwa sababu muda ulikuwa unakwisha, akiwa na risiti ya chanjo tu mkononi. Muda kuyoyoma si ushahidi, ndivyo walivyoona. Basi ndiyo maana mawakili wanawakwepa watu wanaokuja wiki mbili kabla ya miaka 3 ya kufungua shauri kutimia tangu dalili ya kwanza. Hawana roho mbaya. Wanaogopa kufanya kazi ya bure. Mwenye maumivu aende mapema, na faili la hospitali kwapani.

Dada yetu alinionyesha hesabu ya wakili wake. Ndugu zangu, nimekuwa mhasibu wa kanisa miaka mingi, sijapata kuona daftari kama lile! Saa imekatwa vipande 10, kila kipande dakika 6: simu kwa mteja, 0.2, kusoma barua ya daktari, 0.4. Kisha hakimu naye akapita na kalamu yake. Saa za safari zikalipwa nusu, na muda wa kutoa nakala na kupanga makaratasi ukafutwa, kwa kuwa hiyo ni kazi ya ofisi. Mimi nilifurahi kuona wakili naye anakaguliwa.

Hapo ndipo chama chetu kinapoingia. Mwaka 2021 tulimkopesha dola 240 za nakala za hospitali na maegesho. Gharama alizotoa mgonjwa mwenyewe kwa ajili ya kesi nazo zinaweza kurudishwa, lakini aliweka risiti kwenye kopo la biskuti, na mjukuu akazifanya pesa za kuchezea duka. Zilizopatikana zilifika dola 186, nazo zimerudi kwetu. Kamati imesamehe zilizobaki. Mhazini hakupenda, na atalisema mwenyewe.

Dada yetu ameniomba nisimtaje. Hukumu hizi, hata ile ya ujira wa wakili, huwekwa hadharani, na mwenye shauri ana siku 14 tu za kuomba habari zake za siri zifichwe. Yeye hakujua.

Kaka yetu aliyekuja na tatizo la chanjo ya Korona sikuweza kumsaidia. Chanjo hiyo iko chini ya mpango mwingine, ambao mwisho wa kuomba ni mwaka 1 tangu siku ya kuchanjwa, na ambao haulipi wakili hata kidogo. Alikuja baada ya miezi 19. Nilimpigia simu wakili wa dada yetu, akanijibu kwa upole kwamba kaka yetu hana mlango wa kugonga. Na mnaosafiri nyumbani mjue kwamba chanjo ya homa ya manjano haimo katika mpango wowote kati ya hii miwili.

Mengine kwa kifupi. Tumezika wenzetu wawili, michango ilitosha. Ada ya mwaka haipandi.

Kamati inaomba kibali cha kutenga dola 500 kila mwaka kwa mikopo ya nakala za hospitali. Mhazini amenunua bahasha za kaki. Atakayekopa atapewa moja ya kuwekea risiti, na ataisaini.