Zuhura, nipe neno kabla sijatia sahihi

Langoni, Lamu
9 Julai

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Mama hajambo? Na goti lake? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila kusi imechachamaa. Juzi kwenye boti ya kutoka Mokowe tumelowa mpaka ndani ya mabuibui. Najua nimekunyamazia tangu Idi. Usinune, sababu ninayo.

Mezani hapa pana mkataba wa intaneti wa miezi 12. Kijana aliyeuleta atarudi Jumatatu kuchukua sahihi yangu, nami sitii kalamu kabla sijasikia neno lako. Wewe umeshahamisha laini ya ofisi mara mbili, na mara zote mbili ulinikera kwa kunihadithia. Leo nahadithia mimi.

Tarehe 28 Juni, unajua saiba yangu, hili duka la intaneti, inavyokuwa. Mtaa mzima hukumbuka ritani zake za kodi siku mbili kabla ya tarehe 30. Foleni imetoka barazani imefika kwa Mama Rukia wa mahamri, naye anashukuru. Saa nne hivi, ruta ikawaka taa nyekundu. Nikazima, nikawasha, nikasoma bismillahi, wapi. Nikatoka kuufuata waya kichochoroni. Punda wa Athumani kapita na mawe ya ujenzi, shogi limekwaruza ukuta, waya umekatika pu! Ncha yake inameta, kiuzi cha kioo chembamba kuliko mshipi wa kuvulia. Punda mwenyewe kasimama hapo hapo anatafuna boksi.

Nikapiga simu kwa kampuni yenye waya. Muziki, muziki, kisha binti mpole: jina la barabara yako? Nikamwambia nyuma ya msikiti, mlango wa tatu. Nambari ya nyumba? Haina. Basi fundi akifika aegeshe gari wapi? Zuhura, nilicheka mpaka machozi, halafu nikabaki na machozi peke yake. Gari, kwenye vichochoro vya Langoni!

Fundi alikuja tarehe 2. Ritani zimepita. Niliwahudumia wachache kwa hotspoti ya simu yangu, watu 11 nikawarudishia pesa zao, na bili ikaja nzima, haijapungua hata senti. Nilipouliza siku nne zile, nikaambiwa nisome mkataba. Nikausoma. Kweli, hamna neno.

Sasa huyu wa mkataba mpya anauza faiba, intaneti ya waya wa kioo vile vile, ya kampuni nyingine. Kasi "hadi 40". Hilo "hadi" ndilo linalonitia wasiwasi. Hata mimi naweza kukimbia hadi Shela. Tena hizo 40 ni megabiti kwa sekunde, na faili zangu zahesabiwa kwa megabaiti, kwa hiyo gawanya kwa 8, zabaki 5. Hata hivyo zanitosha. Nikamuuliza, na ya kupandisha je? Akameza mate. Kumi. Na kazi yangu mimi ni kupandisha: picha za pasipoti, vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa, fomu za wanafunzi. Anayetazama filamu hushusha, mwenye saiba hupandisha. Mbona hawaliandiki kwenye lile tangazo lao kubwa?

Halafu kuna hizi kuta. Fundi wa mwanzo aliitia ruta ndani kabisa, kwenye zidaka za bibi, vile vishubaka vya ukutani, pale pale palipokuwa na sahani zake za kichina, ati kwa kuwa soketi iko karibu. Ilipendeza, wallahi. Lakini mpaka ifike dakani, pale mlangoni waliko wateja, mawimbi yamepita kuta tatu za mawe na chokaa, unene wa mkono mpaka kiwiko. Miezi minane nailaumu kampuni bure! Bakari ndiye aliyenionyesha: simu ukiisogeza karibu na ruta, kasi yote ipo. Waifai ile ya gigahezi 5 ni mbio lakini kuta zaizima, ya 2.4 yapenya kidogo zaidi. Tukaishia kupitisha waya juu ya boriti mpaka kwenye kompyuta za mbele, na waifai tumewaachia watoto.

Mume wangu yeye ataka sahani ya satelaiti, Starlink, tangu ilipoingia Kenya mwaka 2023 haongei jingine. Ati satelaiti zao ziko chini, kama kilomita 550, si kama zile za zamani za kilomita 36,000 ambazo ukisema "halo" unangoja. Nikamwambia mambo ya satelaiti muulize Zuhura, watu wa Malindi si wageni nayo, Ngomeni ndiko walikoirusha satelaiti ya Uhuru mwaka 1970. (Bado nasikitika hatukwenda siku ile ya safari ya shule. Homa yako ile!) Sahani yataka uwazi wa mbingu, na nyumba ya jirani imetuzidi ghorofa. Pia yala umeme kuliko ruta mara kadhaa. Stima ikipotea, betri yangu ndogo itahimili kweli? Na ikiharibika, msaada wauombe mtandaoni. Intaneti hakuna, malalamiko yapite kwenye intaneti. Nilipomwambia hivyo akaenda zake kuvua.

Laini ya simu ya 4G ninayo, naiweka akiba. Asubuhi njema, jioni kila mtu yuko kwenye mnara ule ule, na siku za Maulidi usiniulize.

Lakini narudi pale pale, kwa fundi. Kasi wanayo wote. Mimi nataka mtu anayejua kuwa Lamu hufikwa kwa boti, aandike kwenye karatasi atafika baada ya saa ngapi, na asipofika nipunguziwe kiasi gani kwenye bili. Kijana nilipomwambia aandike hayo alicheka, akasema mkataba huja umechapwa. Basi nami sahihi yangu nitaichapa lini?

Niambie: Salim bado anafanya hizi kazi za kuvuta waya, au kahamia kwenye kamera? Angekubali kuja siku moja, nauli na samaki juu yangu? Wewe hiyo laini yako ya pili hushika saa mbili usiku? Ulipokatikiwa mwezi wa Ramadhani walikurudishia pesa, na uliwaandikia vipi, unitumie hiyo barua niinakili? Nikichukua kampuni mbili, nitajuaje kama hazipiti njia moja mpaka Mombasa? Maana Mei ile ya 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, wote tulilia pamoja. Na yule punda, unadhani nimdai Athumani?

Nijibu kabla ya Jumatatu. Piga simu, usitume waifai.

Shoga yako,
Mwanaesha