Barua ya wazi kwa Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani: baiskeli za mizigo nazo zifungwe vioo

Afande Kamanda,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Kahama, ambako mpunga, mkaa, maji na hata abiria vinasafiri kwa baiskeli. Lami hiyohiyo inapitisha malori ya Rwanda na Burundi, usiku na mchana.

Mwangalie mtu aliyebeba mkaa. Magunia yamepanda mpaka usawa wa kisogo, yamekazwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu. Akigeuka kuangalia nyuma haoni barabara, anaona gunia. Tena akizungusha shingo kuume, bega linavuta usukani na baiskeli inaingia katikati ya barabara bila yeye kutaka. Kinga yake inabaki kuwa sikio, na siku ya upepo sikio nalo halimsaidii. Lori la kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Honi ikishapigwa, kilichobaki ni kujitupa kwenye changarawe na mzigo wake.

Kioo cha pikipiki kingempunguzia hatari hii sana. Fundi anakifunga kulia mwa usukani, kwa kuwa tunaendesha kushoto na wanaotupita wanapita kulia. Mkono wa kioo uwe mrefu, kitokeze nje ya gunia, na pale kwenye bano azungushie kipande cha tyubu kisitetemeke. Mwendeshaji analiona lori lingali mbali, anasogea pembeni taratibu. Ila afundishwe pia: vioo vingi vya pikipiki vimebinuka, vinaonyesha eneo pana lakini gari linaonekana liko mbali kuliko lilipo.

Naomba sana, Afande, jambo hili lisigeuzwe faini. Mbeba mkaa akitozwa faini atawakwepa trafiki kwa njia za porini, na kioo hatafunga. Wiki ya Nenda kwa Usalama inapofika, magari yanakaguliwa na kubandikwa stika. Itengwe basi siku moja ya baiskeli. Askari wako waje minadani, na kwenye yale mashindano ya baiskeli tunayoyapenda sana huku Shinyanga na Simiyu, waje na fundi na spana. Vioo vifungwe palepale, mtu azunguke uwanja akijizoeza kutupia jicho kwenye kioo mara moja na kurudisha macho mbele. Vijana wengi wa bodaboda wanavivua vya kwao kwa urembo (hilo nalo linanisikitisha), kwa hiyo hata vya kuanzia havitakosekana.

Lakini madereva wa malori waambiwe wazi kwamba kioo cha baiskeli hakiwapunguzii wajibu. Anayempita mwenzake ndiye anayepaswa kumwachia nafasi, na kama nafasi haipo, asubiri nyuma.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwendesha baiskeli, Kahama