Kabla hamjauza kiwanja kwa ajili ya dogo

Mwanangu,

Habari za Mwanza, mama hajambo? Msalimie sana mwambie mwanae wa Mbagala anamkumbuka. Sisi huku tupo, mvua imeanza na barabara ya kwetu unaijua mwenyewe ikinyesha inakuaje.

Nimekaa na voisi noti yako siku tatu bila kujibu, sijaipuuza kaka, nilikua naisikiliza nafika pale unaposema kuna jamaa anataka milioni sita amtoe dogo akafanye majaribio ya mpira Ulaya na hapo nyumbani mshaanza kuongelea kuuza kile kiwanja cha mzee, naiweka simu chini. Halafu naichukua tena. Nikaona nikikupigia tutaanza utani wetu, utaniambia nina roho ya korosho, tutacheka na mambo yataishia hapo, bora nikae nikuandikie uyasome yote hadi mwisho.

Kwanza dogo mpira anaujua, hilo sibishani na mtu. Nilipokuja mwezi wa nane nilimuona ile mechi ya jioni, krosi ilikua bado ipo kwenye mguu wa winga yeye ashaanza kutembea, beki kakodolea mpira yeye anamcheki beki, mpira unashuka yeye ndo yupo peke yake. Hicho kitu kuna watu wamecheza ligi kuu miaka kumi hawana. Kwaio usije ukasoma haya maneno ukadhani namdharau, nayaandika kwa sababu naamini anaweza kufika na ndo maana naogopa.

Sasa umesema "si hata Samatta katokea hapo hapo Mbagala akafika". Sawa, Mbwana Samatta, straika wetu wa timu ya taifa, Stars, kafika. Ila watu tukimtaja tunakumbuka lile goli la Wembley, Uingereza, zile hatua za katikati tunaziruka kama vile hazikuwepo. Hebu tuzihesabu mimi na wewe taratibu.

Kazaliwa Desemba 1992. Kaanzia African Lyon, timu ambayo mashabiki wake ungeweza kuwasalimia mmoja mmoja, akacheza pale, mwaka 2010 Simba wakamchukua. 2011 Simba wakapangiwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, kwenye klabu bingwa Afrika, na Mazembe ya wakati ule usiichukulie poa, ilikua imetoka kucheza fainali ya klabu bingwa ya dunia na Inter Milan Desemba 2010, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale, ile ya kipa Kidiaba anarukaruka kwa makalio goli likiingia. Mazembe wakaitoa Simba uwanjani (baadae wakaondolewa mashindanoni kwa kumchezesha mtu asiyeruhusiwa, Simba wakarudishwa, lakini hiyo stori nyingine) na walipoondoka Dar jina la yule kijana wa mbele waliondoka nalo. Wakamnunua. Ana miaka 18.

Hapa ndo nataka uniskilize. Alienda Lubumbashi, Ulaya ilikua bado kabisa. Na kule alikaa karibu miaka mitano mwanangu, miaka mitano! Wangapi hapa Bongo walikua wanasema huyu kapotea, kaenda kuzikwa Kongo, mbona haendi mbele. Mi mwenyewe nilishawahi kusema hivyo kijiweni. Kumbe mbele alikua ashaenda, ni sisi tu tulikua hatuoni. Fikiria mtoto wa Mbagala anashuka Lubumbashi, mtaani wanaongea Kiswahili, kina mambo yake ndio, ugali wanauita bukari na Kifaransa kimejichanganya humo, lakini mtu akikutania unaelewa, ukiumwa unaweza kujieleza unaumwa wapi, na Thomas Ulimwengu yupo pembeni, Mtanzania mwenzake. Halafu mechi za klabu bingwa Afrika kila mwaka, unaenda Algeria, unaenda Morocco, unaenda Sudan, mabeki wa kule wanakukanyaga refa hayupo. Straika anapikwa hivyo. Kwa akili yangu mimi Lubumbashi ndo iliyomfanya Samatta, kuliko Simba, kuliko Genk, na nikibishiwa na mtu nipo tayari kukesha.

2015 ikalipa. Mazembe bingwa wa Afrika, fainali na USM Alger, ya kwanza kule Algiers wakashinda 2-1 Samatta katupia penati, ya marudiano Lubumbashi 2-0 akatupia penati tena, na kwenye mashindano yote alikua na magoli saba. Penati mbili kwenye mechi mbili za fainali, wewe ulishapiga penati ya ndondo pale mbele ya watu mia tano miguu ikawa kama ya kuazima, unajua naongelea nini. Siku chache baadae yupo uwanja wa Taifa na Stars dhidi ya Algeria, sare 2-2 na goli kafunga, tukaruka kama wehu, halafu tukaenda kwao tukala saba bila. Ndani ya mwezi huo huo mmoja! Alikua bingwa wa Afrika na akafungwa saba. Maisha ya straika ndo yalivyo, anayetaka kumpeleka mtoto huko ajue hilo kabla hajajua bei ya tiketi.

Januari 2016 wakamtangaza kule Abuja mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya Afrika, mwezi huo huo akaenda Genk, Ubelgiji. Hesabu miaka: 23. Sio 16. Kaingia Ulaya mtu mzima, ana kombe, ana tuzo, waliomchukua wanajua wanachukua nini, hakwenda kubembeleza majaribio kwenye baridi amevaa jaketi la kuazima. Na hata pale Genk hakuwaka siku ya kwanza, msimu wake mkubwa ni 2018/19, magoli 23 kwenye ligi, Genk bingwa wa Ubelgiji, akapewa kiatu cha Ebony kile cha mchezaji bora mwenye asili ya Afrika. Ndo Novemba 2019 tukamuona Anfield anawafunga Liverpool kwa kichwa, kona ile. Nakumbuka ulinipigia ukawa unapiga kelele tu huongei neno.

Aston Villa ya Uingereza sasa. Villa straika wao Wesley kaumia goti siku ya mwaka mpya 2020, wana haraka, wakamchukua Samatta. Mechi yake ya kwanza ya Premier League, Bournemouth, kafunga kwa kichwa, Mtanzania wa kwanza. Machi mosi Wembley, fainali ya kombe la ligi na Man City, wako nyuma mbili bila, krosi ya El Ghazi akaruka mzima mzima kama kipa, kichwa, ndani. Mama yangu hajui hata ofsaidi ni nini lakini siku ile alitoka nje akapiga vigelegele majirani wakadhani kuna mtu kazaa. Wakafungwa 2-1 lakini nani alijali.

Halafu corona. Ligi ikasimama, iliporudi mwezi wa sita Villa wanapigania wasishuke, wamejazana nyuma, yeye yupo mbele peke yake anakimbizana na mabeki wawili mpira haufiki. Mechi 14 za ligi, goli moja. Hawakushuka, walipona siku ya mwisho kabisa. Septemba wakamnunua Ollie Watkins na Samatta akapelekwa Fenerbahçe. Miezi nane tu toka afike! Na hapa ndo niliumia kaka, maana watu wa kwetu wale wale waliobadilisha profile picha siku ya Wembley ndo walikua wa kwanza kusema kachemka. Beki akicheza mechi kumi kawaida tu hakuna anayemsema, straika mechi tano bila goli hata muuza chipsi anajua kosa lake. Dogo ataweza hilo? Ukiwa na miaka 27 una kombe la Afrika kabatini unaweza. Ukiwa na 16, hujui lugha, huna mtu, wakala kaizima simu, unavunjika kabisa.

Na angalia alivyofanya baada ya hapo, hakurudi nyumbani kulialia. Uturuki, akarudi Ubelgiji Antwerp kwa mkopo, akarudi Genk, akaenda Ugiriki PAOK wakawa mabingwa 2024, kisha Le Havre Ufaransa. Na Stars nahodha muda wote huo, ile Afcon ya Misri 2019 tuliyorudi baada ya miaka 39 yeye ndo kavaa kitambaa. Mechi ile na Kenya alitufungia tukawa mbele 2-1, kisha Olunga akatumaliza, 3-2, bado inaniuma.

Huyo Olunga nae mtazame, maana nae hakuna aliyemshika mkono akaamka Hispania. Gor Mahia kwanza mpaka 2015, halafu Sweden, halafu China, Girona akapiga hat trick, wakamuacha, akaenda Japan kwenye timu akashuka nayo daraja la pili. Wengi wangesema ndo basi. Mwezi wa kumi na moja 2019 akafunga magoli manane kwenye mechi moja, manane! Mwaka uliofuata wapo ligi kuu akafunga 28, mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi ya Japan.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Unakumbuka 2011 niliacha mpira nikasema goti. Goti langu lilikua zima kaka. Mwaka ule Samatta kaenda Kongo sisi wote huku tulichanganyikiwa, kila mwenye kiatu anaamini zamu yake imefika, akatokea jamaa mmoja ana begi la ngozi na picha kapiga na wachezaji, akasema kuna timu nje inatafuta straika. Alitaka laki nane. Mama yangu aliuza cherehani. Kile cherehani ambacho kilitusomesha mimi na dada, alikifunga kwa kitenge akaenda nacho kwa mnunuzi asubuhi ili majirani wasione. Jamaa akachukua hela na pasipoti, akasema visa wiki mbili, wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa namba haipatikani. Mi nikashindwa kurudi uwanjani, kila nikivaa kiatu naona mama anafunga kitenge. Mama hajawahi kunisema hata siku moja mpaka leo, na hicho ndo kinachoniuma zaidi. Mimi siwezi kukaa kimya mama yako akiuza kiwanja.

Kwaio nisikie. Dogo ana 16. Fifa hawaruhusu mchezaji chini ya miaka 18 asajiliwe nchi nyingine, kuna vipengele vichache vya ruhusa kama wazazi wamehama kwa mambo yao yasiyohusu mpira, ama unaishi mpakani, ama unahama kati ya nchi za Umoja wa Ulaya zenyewe, nimevipitia na dogo hayumo hata kimoja. Kwaio huyo jamaa anauza nini hasa? Muulize leseni. Toka 2023 wakala lazima awe na leseni ya Fifa, wanafanya mtihani, na majina yapo wazi kwenye tovuti yao, jina lake lisipokuwepo mazungumzo yameisha. Akisema ana barua ya mwaliko, chukua namba ya hiyo klabu mwenyewe, sio ile aliyoandika yeye kwenye barua. Na wakala wa kweli anakula kwenye mkataba ukishasainiwa, hali kiwanja cha marehemu baba yenu.

Dogo acheze. Atafutiwe timu ya Championship, ile ligi ya chini ya ligi kuu yetu, ama ya vijana ya klabu ya ligi kuu, apate dakika, apigwe viatu, akose magoli ya wazi azomewe na kesho yake arudi mazoezini. Mguu wa kushoto aufanyie kazi, nilimuona anaukwepa. Na hapo alipo sasa hivi hakikisheni amesajiliwa rasmi kwa jina na tarehe yake ya kweli, maana mchezaji akinunuliwa nje asilimia 5 ya ile pesa inagawiwa kwa timu zilizomlea toka miaka 12 hadi 23, yule kocha wenu anayenunua mipira kwa hela ya mfukoni siku moja anaweza kupata chake. Umri msidanganye, kuna wakala wengine wanaanzia hapo hapo.

Najua mama anamsikiliza huyo jamaa kuliko mimi niliye mbali, na najua dogo atanuna, hata mimi ningenuna kipindi kile. Nimeomba ruhusa kazini, Ijumaa napanda basi, Jumamosi nipo hapo. Nataka kukaa nae mwenyewe, nimpeleke kula sato pale Kirumba, nimwambie habari ya cherehani kwa mdomo wangu. Huyo jamaa akija kabla yangu mwambieni arudi Jumapili, nitakuwepo nimsikilize.

Hati ya kiwanja mpe mama aifungie kabatini mpaka nifike.

Wako,
Straika wa zamani wa Mbagala