Taarifa ya mwenyekiti: mwaka huu wa mzinga ambao kombora lake halijatua

Asalam aleikum na hamjambo nyote wanachama wenzangu wa chama chetu cha chuku, hizi hadithi zetu za kutia chumvi,

Pesa ntazisema upesi manake mweka hazina atawasomea hesabu kamili siku ya mkutano. Madeni tushamaliza, ada za wengi zimeingia, wale bado wanajijua na nawaomba muwahi. Ule ukumbi tuliolipia tulifika tukakuta harusi ndani, ikabidi tuhamie uani kwa jirani, na kusema kweli ilikua bora, upepo wa bahari tele na watoto wakapata pa kukaa.

Sasa nije kwa silaha, ndo roho ya hiki chama.

Wanachama wapya wameniuliza sana mbona mtu akishinda mashindano yetu ya chuku anapewa silaha ya mbao, hapewi kikombe kama watu wengine. Mimi naona hivi, kikombe kikishaingia kabatini kimenyamaza, lakini mtu akitundika upanga wa mbao ukutani mgeni akija lazima aulize huu wa nani, ulipigana wapi, na mwenye nyumba ndo bingwa wa chuku mwenyewe, ataeleza mpaka chai ipoe. Silaha bila historia yake ni kuni tu.

Chukueni ule uta. Wote hapa tumelelewa na hadithi ya Fumo Liongo, vile alivyofungwa gerezani na mamake akamfichia tupa ndani ya mkate wa wishwa, akakata minyororo huku ngoma inalia nje walinzi wasisikie, alafu baadaye mwanawe mwenyewe akahongwa akamchoma kitovuni na sindano ya shaba. Akaenda kufia karibu na kisima, amepiga goti, uta ameuvuta na mshale tayari, na watu wa mji wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Hapo ndo hadithi ya wazee inaishia na chuku yetu inaanza, manake kwa historia ya chama ule uta uliokotwa na nyanya mmoja akaufanya kamba ya kuanikia nguo, na kila nguo iliyoanikwa pale ikatoka na haraka, kanzu ikisimama yenyewe yangoja mtu, ukivaa shati lililokaukia pale ukienda sokoni unafika kabla hujatoka nyumbani.

Na ndo maana tuna ile sheria, mshindi apige goti na uta ameuvuta, aongeze kipande chake kwenye historia, na mpaka amalize hakuna mtu kuonja maji. Mwaka huu alieshinda ni mama yetu wa Likoni. Jamani mlioikosa mmekosa kitu! Jagi la maji baridi liko katikati ya mkeka, tone moja lateremka ubavuni polepole, watu wote macho kwenye lile tone, mtoto mmoja aanza kulia kiu mamake amziba mdomo, na huyu mama mikono yamtetemeka, leso imeteleza begani, na bado anatuambia vile Liongo amerudi kudai uta wake akaambiwa angoje kwanza nguo zikauke. Alipoushusha hakuna aliepiga makofi, watu wote walikua kwenye jagi. Nilifurahi mpaka machozi.

Upanga wa papa, silaha yetu nyengine, nao umeongezewa historia, sasa yule papa upanga yuko chini ya feri ya Likoni anauliza kila abiria kama ameuona upanga wake aliouweka rehani kwa nahodha wa jahazi.

Ila mwaka huu umetuumiza pia. Tumempoteza mzee wetu wa Kibokoni, Mola amrehemu, na yeye ndie aliechonga mzinga kwa shina la mnazi, akaupaka rangi nyeusi, na historia ya huo mzinga ilikua ya mzee peke yake. Mnaikumbuka, kwamba Waomani walipoizingira Fort Jesus, kuanzia 1696 mpaka 1698, huu mzinga ulipigwa mara moja tu, kombora likapanda na mpaka leo halijatua. Lilipita Muscat likasalimu, likafika Goa Wareno wakalifungulia mlango wakidhani ni barua, na usiku ukisikia kishindo juu ya mabati usiseme ni nazi, ni lile kombora limejaribu kutua likaona watu wamelala likaona haya.

Mzee hakuandika hata mstari mmoja. Tulichobakia nacho ni sauti kwenye simu ya katibu, upepo mwingi, anafika pale kombora linageuka kurudi Mombasa, adhana inaingia, mzee ananyamaza kwa heshima, na katibu akazima simu. Mwisho hatuna. Tumebishana vikao vitatu, mmoja asema lilitua Kilindini, mwengine asema mzee alimwambia Nyali, na kuna walioondoka na hasira. Mimi kama mwenyekiti naomba lisitue. Kila atakaeshinda mzinga atuambie tu mwaka huo liko wapi, na hili ntalileta mbele ya mkutano mulipigie kura.

La pili, nimenunua kauntabuku nene. Kila mwenye silaha ya chama nyumbani aje aandike historia yake kwa mkono wake, hata kama hati ni mbaya, na asieweza kuandika aje asimulie mimi niandike, nina nafasi kila siku baada ya alasiri. Sitaki tena kumtafuta mtu ndani ya upepo wa simu.

Pia safari ya Kipini, kule kunakosemwa ndo liko kaburi la Liongo, nataka tuende na uta wetu mwakani, majina mpeni katibu.

Uta uko Likoni kwa mshindi, upanga wa papa uko kwangu juu ya kabati umefungwa kwa leso, na mzinga bado uko Kibokoni, wajukuu wa mzee wameomba ukae pale mlangoni mpaka siku ya mkutano, nimewakubalia.