Beni, si bendi

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, ila mama na mguu wake ule ule. Miezi minne kimya! Nikadhani bado una kinyongo cha ile doti ya kanga, lakini hili jambo sina mwingine wa kulicheka naye.

Harusi ya mdogo wangu imeharibiwa na herufi moja. Kwenye kadi niliandika, "Alasiri kutapigwa beni." Kijana wa kuchapisha kaniona mshamba, kanisahihisha, kadi zote zikatoka "bendi". Vijana wakaja na viatu vya dansi, wakakuta wazee na tarumbeta, suruali nyeupe zimepigwa pasi mpaka zinakata, ngoma kubwa imening'inia tumboni. Mjomba wako yule akauliza, "Magitaa yako wapi?" Bibi bila kugeuka: "Yako kwenye kadi."

Kinachoniudhi, kijana hakukosea sana! Beni, ngoma yetu ya matarumbeta na gwaride, ni hiyo hiyo bendi ya Waingereza. Watu wa Lamu na Mombasa waliidaka kwa wapiga matarumbeta wa jeshi, karne ya 19 iko ukingoni, wakailainisha ulimini. Bendi ni neno lile lile, limerudi mara ya pili limebeba gitaa. Kwa Waingereza wenyewe lilikuwa kundi la askari kwanza; wapiga muziki wamelipata karne ya 17. Na kwa kuiga jeshi, beni zetu zilijaa vyeo na gwaride, vikundi vikishindana: Marini na Arinoti huku Tanganyika, Kingi na Skochi Mombasa, watu wanaingia madeni kwa ajili ya sare na karamu. Kadi yangu ingesema hivyo, nani angeuliza gitaa?

Halafu sikia. Wachimba maneno wanasema kundi hilo liliitwa hivyo kwa kitambaa au alama ya kutambuana. Shina hilo ndilo lililozaa bandeira ya Mreno, yaani bendera yetu! Kumbe bendera na beni ni binamu, mmoja kaja na Wareno, mwingine na Waingereza, wamekutana pwani hawajuani. Na raba bendi ya nywele zangu nayo... basi, nisikuchoshe.

Nisaidie kitu. Bibi yako hapo Unguja bado anazikumbuka nyimbo za beni? Hebu mrekodi kwenye simu, japo ubeti mmoja. Ile picha ya babu na kofia ya kibahari bado iko ukutani? Lini unavuka? Na kanga yangu je?

Shoga yako,
wa Ngamiani