Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Zahanati ya kijijini ipimwe kwa hali yake ya jana

Kwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUFUNGAMANISHA MALIPO YA VITUO NA UBORA WA HUDUMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijiji, Wilaya ya Bahi. Si mtaalamu wa tiba. Sisi wajumbe tunapitia mpango na bajeti ya kituo, tunashuhudia dawa zikipokelewa, na tunasikiliza malalamiko ya wananchi, ambayo hayajawahi kuadimika. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo bila kupitia halmashauri. Kwa hiyo kukabidhiwa fedha na kisha kuulizwa zimefanya nini, hilo tunalijua.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Wanachama wakiongezeka, swali litabaki moja: kituo kilipwe kwa lipi? Ukilipa kwa kila huduma iliyoandikwa kwenye fomu ya madai, mtoa huduma atajifunza kuandika nyingi. Ndiyo maana nawaunga mkono wanaotaka sehemu ya malipo ifuate ubora. Wasiwasi wangu uko kwenye kipimo. Naomba zahanati ilinganishwe na ilivyokuwa yenyewe mwaka uliotangulia, isilinganishwe na kituo cha mjini.

Nchi yetu haianzi na ukurasa mtupu. Mwaka 2011 Mkoa wa Pwani ulianza majaribio ya kulipa vituo kulingana na utendaji, kwa msaada wa Norway. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa nje walifuatilia, wakakuta wanawake waliojifungulia vituoni wameongezeka kwa takriban 8 katika kila 100, ukilinganisha na wilaya ambazo hazikuwa kwenye mpango. Waliopata dozi mbili za SP za kuzuia malaria wakati wa ujauzito waliongezeka kwa takriban 10 katika kila 100. Sitabeza hayo. Ila huduma nyingine kadhaa zilizokuwa kwenye orodha hazikusogea kwa kiasi cha kuonekana. Halafu, katika malipo ya mwanzo, vituo vilivyokuwa na vifaa na dawa, na vilivyohudumia watu wenye nafuu, ndivyo vilivyoondoka na fungu nono. Mwenye nacho akaongezewa. Pengo hilo lilipungua baadaye, lakini wa kijijini walikuwa wamekwishaanza nyuma.

Njoo Bahi mwezi Februari, Mheshimiwa. Mvua ikishika, makorongo yanajaa na bodaboda haipiti. Mama mwenye uchungu anabaki ng'ambo na mkunga wa jadi. Takwimu ya waliojifungulia kituoni inashuka, wakati muuguzi ni yuleyule na juhudi ni zilezile. Kiangazi wafugaji wanahama na mifugo kufuata malisho, na mtoto aliyetakiwa kupata chanjo ya pili ya surua akiwa na miezi 18 hayupo kijijini. Dodoma mjini mama anashushwa mlangoni pa kituo. Ukiweka vituo hivi kwenye jedwali moja na kugawa fedha kwa kufuata nafasi, utakuwa unalipia lami.

Dawa nazo zina habari yake. Tunaagiza MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali; kinachokosekana tunakitafuta kwa mshitiri, yule muuzaji binafsi mwenye mkataba, chini ya mfumo wa Jazia ulioanzia hapahapa Dodoma mwaka 2014. Kituo kilichoagiza kwa wakati na chenye karatasi ya kuonyesha kwamba dawa haikuwepo, kisikatwe alama. Uingereza, ilipoanza mwaka 2004 kuwalipa madaktari wa familia kwa viashiria, iliwaruhusu kumtoa mgonjwa kwenye hesabu kwa sababu inayotambulika na kuandikwa. Wapo waliolalamika kwamba mlango huo unaweza kutumiwa vibaya, na ni kweli, lakini ukaguzi upo kwa ajili hiyo.

Niseme pia kuhusu vitabu vya MTUHA, rejista ambamo kituo huandika wagonjwa na huduma, kwa sababu viashiria vingi vitatoka humo. Kila aliyewahi kuvikagua anajua ukurasa ambao kila mjamzito ana presha ya 110/70, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Anajua na patografu, chati ya kufuatilia uchungu saa kwa saa, iliyochorwa vizuri kabisa baada ya mtoto kuzaliwa. Simlaumu sana muuguzi aliye peke yake usiku mzima, kichwa kimoja kati ya leba na dirisha la dawa. Lakini ukimlipa kwa ukurasa uliojaa, utaletewa ukurasa uliojaa.

Basi aulizwe mama. Namba yake ya simu mara nyingi imo kwenye kumbukumbu za kituo. Asiye na simu afuatwe nyumbani. Je, alipimwa presha? Aliambiwa dalili za hatari? Aliombwa fedha ya glovu? Alitukanwa akiwa kitandani? Maswali manne au matano yanatosha, yaulizwe na mtu asiyelipwa na halmashauri inayopimwa. Nyota mlizotupa mlipopima ubora wa vituo mwaka 2015/16, wakati takriban theluthi moja ya vituo vya ngazi ya msingi ilipopata sifuri, zilitushtua na zilitusaidia. Kwa sehemu kubwa, hata hivyo, zilieleza jengo, vifaa na mafaili.

Na fedha ije kwa wakati. Malipo ya robo ya kwanza yakifika mwaka unakwisha, muuguzi aliyeyatolea jasho huenda ameshahamishwa.

Tunaomba rasimu ya viashiria iletwe kwenye kamati za vituo kabla haijasainiwa, kwa Kiswahili, na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa zahanati. Mkitafuta kituo cha vijijini cha kuanzia majaribio ya kupima hivi, mimi nitawashawishi wajumbe wenzangu tujitolee, hata kama alama za mwanzo zitatuaibisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati,
Wilaya ya Bahi.

Nakala: Waziri wa Nchi, OR-TAMISEMI;
Mkurugenzi Mkuu, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, Dodoma.